Nchi imefunguliwa. Je, tupande kama zamani?

Baada ya Rais kutangaza tarehe 6 Julai 2020 kwamba watu wanaweza tena kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera, simu yangu haikulala. Swali ni lile lile, linabadilisha nguo tu. Mmoja anauliza kama aongeze nusu ekari ya nyanya. Mwingine anataka kujua kama mishiri itapanda bei sasa ndege zimerudi. Mwingine ameshachukua mkopo tayari, na kusema kweli anachotaka ni nimwambie amefanya vizuri. Nimejibu mmoja mmoja mpaka nikachoka, kwa hivyo leo naandika mara moja, msome wote.

Jibu langu ni hili: panda, lakini usipande kwa sababu ya hotuba. Barabara kufunguliwa ni kitu kimoja na soko kufunguka ni kitu kingine, na katikati yake kuna ugonjwa ambao bado uko nasi. Acha nieleze.

Ni nini hasa kimefunguliwa?

Barabara. Kuanzia asubuhi ya tarehe 7 Julai vizuizi viliondolewa, pamoja na kile cha daraja la mto Chania pale Thika ambacho sisi watu wa Kirinyaga tulikifahamu vizuri sana. Na hapa watu wengi wanakosea. Lori la chakula halikukatazwa kupita pale hata siku moja. Aliyezuiwa ni mtu. Yule mama wa Nairobi aliyekuwa anapanda matatu alfajiri mpaka Kagio, anachagua nyanya kwa mkono wake, anapatana bei, halafu anachangia lori na wenzake watatu kurudisha kreti zake mjini, huyo ndiye alipotea mwezi wa Aprili. Tukabaki na mabroka wenye magari yao. Na broka akijua kwamba leo yuko peke yake sokoni, bei anayokupa unaijua.

Kwa hivyo nisieleweke vibaya, kufunguliwa kwa barabara kumetusaidia. Wanunuzi wakiwa kumi badala ya wawili, mkulima anapumua. Mimi si wa wale wanaosema nchi ingekaa imefungwa mpaka ugonjwa uishe kabisa, manake shamba halina kitufe cha kuzima. Nyanya ikiiva imeiva.

Lakini tazama vile ambavyo Julai 2020 vilikuwa bado havijafunguka. Kafyu ilikuwepo, saa tatu usiku mpaka saa kumi alfajiri. Matatu ya watu 14 ilikuwa bado inabeba 8, na ile nauli iliyoongezeka mchuuzi hakuilipa kutoka mfukoni mwake, aliitoa kwenye bei ya nyanya zako. Baa zilikuwa zimefungwa tangu Machi. Na tarehe 27 Julai, baada ya zile siku 21 za kuangalia hali inaendaje, tukaambiwa mahoteli ya chakula yasiuze pombe kwa siku 30 na yafunge saa moja jioni.

Utaniambia wewe hulimi pombe. Ni kweli, lakini penye bia kuna nyama choma, na penye nyama choma kuna kachumbari: nyanya, kitunguu, dania, pilipili. Kuna sahani ya chipsi, na hiyo ni waru ya mtu wa Nyandarua. Hayo yote huliwa jioni na usiku. Mlango ukifungwa saa moja, oda ya asubuhi inayofuata inapungua, na anayehisi wa kwanza ni yule kijana anayepeleka mboga hotelini kwa bodaboda.

Halafu kuna shule. Siku moja tu baada ya ile hotuba ya kufungua, tarehe 7 Julai, Waziri wa Elimu Profesa Magoha alitangaza kwamba mwaka wa masomo wa 2020 umepotea na shule za msingi na sekondari zitafunguliwa Januari 2021. Watu wengi walikuwa bado wanashangilia barabara, hawakusikia vizuri. Kwangu mimi, kwa mkulima wa kabichi, maharagwe na mahindi, hili ndilo lilikuwa tangazo kubwa kuliko lile la Rais. Shule ya bweni inanunua kila wiki, kiasi kinajulikana, na haichagui sana kama mteja wa supamaketi. Kwa tangazo hilo, huyo mnunuzi hangekuwepo mpaka 2021. Na kabichi ambayo ingeenda shuleni haiendi mbinguni, inakuja Marikiti kushindana na yako.

Upande wa ndege, safari za ndani zilianza 15 Julai na za nje 1 Agosti. Wenzangu wa mishiri, hii inawahusu, lakini tuelewe inavyofanya kazi. Mboga na maua yetu mengi hayasafiri kwa ndege za mizigo peke yake. Mengine husafiri chini ya miguu ya abiria, kwenye tumbo la ndege za kawaida. Ndege za abiria kutoka nje ziliposimamishwa tarehe 25 Machi, nafasi ya mizigo ilipungua na gharama ya kila kilo ikapanda. Agosti 2020 zilirudi, lakini zilirudi chache, na hazingeongezeka mpaka kuwe na abiria wa kutosha. Na abiria hatapanda ndege kwa sababu Kenya imefungua anga, atapanda akiacha kuogopa. Ulaya nao ndio wanaojua kama wanataka mishiri yetu au la. Mliona mwezi wa Machi jinsi maua ya Naivasha yalivyotupwa wakati huku kwetu mashamba yalikuwa yanafanya kazi kama kawaida. Aliyefunga alikuwa mnunuzi, mbali kabisa.

Mashaka yangu yako wapi

Wakulima wote mnajua blaiti ya nyanya, hasa baridi hii ya Julai na Agosti. Ukiona doa jeusi kwenye jani leo, ugonjwa haukuingia leo. Uliingia siku kadhaa zilizopita, wakati jani lilikuwa linang'aa na wewe ulikuwa unasema shamba liko sawa. Na ukiona madoa kumi, kuna mengine mengi yako ndani hayajajionyesha. Ndiyo maana huwa nawaambia asiyenyunyiza kwa sababu hajaona doa atanyunyiza amechelewa.

Korona iko hivyo hivyo. Mtu akiambukizwa huchukua kama siku tano kabla ya dalili, na inaweza kufika 14. Akizidiwa, huchukua siku nyingine kabla ya kufika hospitali, na wengine hawapimwi mpaka wafike huko. Kwa hivyo namba iliyosomwa kwenye taarifa ya jioni mwaka 2020 ilikuwa picha ya wiki mbili au tatu zilizopita. Siku ile ya tarehe 6 Julai nchi ilikuwa imetoka tu kupita wagonjwa 8,000 waliothibitishwa. Tarehe 27 Julai tulikuwa tumepita mara mbili ya hapo. Na tuwe wa haki: wale waliohesabiwa wiki ya kwanza waliambukizwa kabla vizuizi havijatolewa, huwezi kulaumu barabara. Walioambukizwa kwa safari za Julai walikuja kuhesabiwa wiki mbili au tatu baadaye.

Hapo ndipo mashaka yangu yalipo. Sipingi kufungua. Napinga kusoma tangazo la kufungua kama cheti cha kupona. Rais mwenyewe alisema hali ikiharibika tutarudi kule tulikotoka, na tumeshaona kipande chake kwenye mahoteli. Nje nako tunaona. Mji wa Leicester kule Uingereza ulifungwa upya mwishoni mwa Juni wakati sehemu nyingine za nchi zinafunguliwa. Melbourne, Australia, walirudishwa ndani Julai. Na Ujerumani kuna mfano unaotuhusu sisi watu wa chakula: wilaya ya Gütersloh ilifungwa tena Juni kwa sababu ya kiwanda kimoja cha nyama ambacho wafanyakazi zaidi ya 1,000 walikutwa na virusi. Kiwanda cha chakula, mahali pa baridi, watu wamebanana wakifanya kazi bega kwa bega. Nitarudi hapo, manake mabanda yetu ya kuchagulia mishiri hayana tofauti kubwa sana na hapo.

Sasa weka kalenda ya korona kando ya kalenda ya shamba

Nyanya ukimwaga mbegu kwenye kitalu mwanzoni mwa Agosti, miche iko tayari baada ya wiki nne hivi. Kutoka kuhamisha hadi kuvuna ni siku 75 hadi 90 kulingana na aina na baridi. Maana yake ni kwamba unauza katikati ya Novemba hadi Desemba. Agosti 2020 mkulima alikuwa anaamua kuhusu soko la Novemba kwa kutumia namba za wagonjwa za katikati ya Julai. Kuna mtu anaweza kukuambia Novemba itakuwaje? Mimi siwezi, na anayekuambia anaweza, angalia kama anakuuzia mbegu.

Kwa hivyo badala ya kuuliza "nchi itabaki wazi?", uliza maswali mawili ambayo unaweza kujibu ukiwa shambani kwako. La kwanza, zao hili litanifunga kwa siku ngapi kabla sijapata shilingi? La pili, siku ya kuvuna ikikuta barabara imefungwa, zao hili linaweza kuningoja?

Jaribu na mazao yetu ya huku. Mishiri inakufunga siku 45 hadi 50 tu, hiyo ni nzuri, unaweza kubadilisha mawazo haraka. Lakini haingoji hata kidogo. Usipochuma siku tatu imepita saizi, kampuni inakataa, na soko la hapa hapa la mishiri ni dogo sana. Nyanya inakufunga karibu miezi minne ukihesabu kitalu, na ikiiva inakungoja siku chache tu. Kwa maswali haya mawili, nyanya ndiyo hatari zaidi ya zote, na ndiyo kila mtu anaipigia mbio! Kabichi inavumilia shambani kidogo kisha inapasuka. Sukuma wiki inaanza kulipa mapema na unavuna kidogo kidogo, haikufanyi tajiri lakini pia haikuangushi, ila jueni kwamba mwaka 2020 watu wengi waliopoteza kazi mjini walirudi nyumbani na kila mmoja akapanda sukuma.

Kitunguu ni tofauti. Kinakufunga muda mrefu, kitalu wiki sita hadi nane na shambani miezi mitatu minne, lakini ukikikausha vizuri na kukiweka kwenye banda linalopitisha hewa, kinakaa miezi miwili mitatu. Hapo unaweza kumwambia broka arudi wiki ijayo. Tahadhari moja: kitunguu kingi kinachouzwa Nairobi kinatoka Tanzania kupitia Namanga. Mwezi wa Mei 2020 malori yalikaa sana mpakani kwa ajili ya vipimo vya madereva. Siku malori yakianza kupita haraka, mjini kitunguu kitakuwa kingi. Iweke hiyo kwenye hesabu.

Maharagwe makavu na ndengu, kwa wale wa sehemu za chini wanaongoja mvua za Oktoba, ni mazao ya kungoja kabisa. Yakaushe sawasawa, yaweke kwenye yale magunia yasiyopitisha hewa, na shule zikifunguliwa Januari una kitu cha kuuza. Tarehe ya shule ikisogea, gunia halilii. Viazi vitamu na nduma vinaweza kukaa ardhini huku unasikiliza habari.

Sisemi uache nyanya. Nasema usiweke shamba lote kwenye zao linalokufunga muda mrefu na haliwezi kungoja. Kama ulikuwa unafikiria ekari moja ya nyanya, panda robo sasa, robo nyingine baada ya wiki tatu, na iliyobaki iweke zao lenye subira. Itakuudhi, najua. Novemba bei ikiwa juu utanitukana. Lakini ukiwa na robo mbili zilizoachana kwa wiki tatu, mwezi mmoja mbaya hauwezi kukumaliza.

Fanyeni pia hesabu ya chini kabisa. Tuseme robo ekari inakula shilingi 50,000 mpaka mwisho, na unatarajia kreti 60. Weka namba zako mwenyewe, hizi ni za mfano. Kila kreti imekugharimu kama shilingi 833 kabla ya kuisafirisha. Sasa kumbuka bei uliyouza mwezi wa Aprili na Mei wakati mama wa Nairobi hakuweza kuja. Kama bei hiyo iko chini ya 833, basi kufungwa mara moja tu wakati wa mavuno kunakula mtaji wako. Ukiwa umetumia pesa yako, utaumia na kuendelea. Ukiwa umekopa na malipo ya kwanza ni Oktoba wakati nyanya zitauzwa Novemba, umeumia hata kabla ugonjwa haujafanya chochote. Nenda kaongee na chama au benki sasa, tarehe isogezwe, kabla hujatumia pesa.

Kuna kijana mmoja wa huku Mwea aliniuliza kuhusu zile pesa za serikali za kufufua uchumi, bilioni 3 za pembejeo kwa wakulima wadogo 200,000 na bilioni 1.5 za wakulima wa maua na mboga za nje, zilizotangazwa Mei 2020. Zikikufikia, asante Mungu. Lakini usihesabu shamba kwa pesa ambayo haijaingia kwenye simu.

Kuhusu wanunuzi, chukua daftari uandike wote uliokuwa unawauzia Februari. Piga simu mmoja mmoja. Usiulize "biashara iko?" kwa sababu kila mtu atasema iko. Uliza: wiki iliyopita ulinunua kreti ngapi, na kabla ya korona ulikuwa unanunua ngapi? Hoteli iliyokuwa inachukua kreti sita na sasa inachukua mbili imefunguliwa, ndiyo, lakini kwako imefunguliwa theluthi. Panda kwa theluthi hiyo. Na ukikuta wanunuzi wako wote wako Nairobi, tafuta angalau mmoja aliye upande huu wa Thika.

Watu wa shambani kwako

Vijana wengi wananiambia ugonjwa huu ni wa wazee na wa Nairobi. Sasa barabara zimefunguka, Nairobi iko kwenye lango lako kila siku ya soko. Na shamba unalolima ni la nani? Wengi wenu mnalima ardhi ya baba. Makanisa yalipofunguliwa waliambiwa mwenye zaidi ya miaka 58 abaki nyumbani. Lakini siku ya kuvuna, mzee ndiye anayekaa kwenye kiti bandani kuhesabu kreti na kupiga hadithi na kila dereva na kila broka anayepita. Mwombe kwa heshima hesabu afanyie nyumbani, umpelekee daftari jioni. Nani mwingine atamwambia kama si wewe? Mwaka 2020 kaunti ziliambiwa ziandae vitanda 300 kila moja vya kutenga wagonjwa, lakini mgonjwa mzee mara nyingi anahitaji oksijeni na uangalizi, si kitanda peke yake.

Na wafanyakazi. Nimesema nitarudi kwa kile kiwanda cha Ujerumani. Uchaguzi wa mishiri ufanyie nje chini ya kivuli, si ndani ya banda la mabati lililofungwa. Gawa wachumaji vikundi vya watu watano, kikundi kile kile kila siku, kila kimoja na mistari yake, ili mmoja akiugua usipoteze wote. Maji na sabuni viwe pale wanapochumia, si nyumbani kwa mwenye shamba mita 300 kutoka hapo. Lipa kwa M-Pesa, hakuna haja ya foleni ya mishahara. Na anayekohoa, mlipe siku hiyo akae nyumbani. Usipomlipa atakuja, manake naye ana watoto. Mshahara wa mtu mmoja kwa siku chache ni rahisi kuliko kikundi kizima kukaa nyumbani wakati mishiri inapita saizi.

Sasa la wiki ile. Zile siku 30 za kafyu na masharti ya mahoteli zilikuwa ziishe karibu na tarehe 26 Agosti 2020, na tulikuwa tunangoja kusikia tena kutoka Nairobi. Aliyemwaga mbegu ya nyanya kitaluni mwanzoni mwa Agosti, siku hiyo miche ilikuwa na wiki tatu, bado wiki moja ya kuhamisha. Kitalu ni gharama ndogo. Gharama kubwa ya mbolea, vijiti, dawa na vibarua inaanza siku ya kuhamisha. Kwa hivyo nilisema: weka kitalu, lakini usilipie mbolea ya shamba zima wala vibarua kabla ya tarehe hiyo. Sikilizeni kinachosemwa kuhusu mahoteli, saa za kafyu na shule, mpige zile simu za wanunuzi tena, halafu muamue ni miche mingapi inatoka. Itakayobaki mtauza, miche ya nyanya haikosi mteja Mwea. Nafasi za miche kwenye kitalu, sentimita 10 kati ya mistari, na msisahau wavu wa kuzuia vidudu vyeupe.